Kumsindikiza Komeo

Usiku wa jana niliota ninaisugua kompyuta yangu kwa majivu na kumbi la nazi.

Nimeiweka kwenye beseni uani, nimekunja mikono ya gauni, nasugua. Kompyuta imetulia, haina neno. Alama za vidole zimetoka, vumbi limetoka, hata herufi mbili tatu za kibodi zimetoka na zinaelea kwenye maji. Kilichobaki ni doa moja kwenye kona ya chini ya kioo, dogo, lenye umbo la kufuli. Nalisugua. Doa linasema, "Dada, utaumia mkono bure."

Mimi ni mtu wa kumaliza. Sufuria likiungua kwangu silitupi, nakaa nalo mpaka nijione uso. Kwa hiyo naongeza majivu.

Kabla sijaendelea, niseme kilichonifikisha kwenye beseni hilo, maana ndoto hii haikuzuka hewani. Naitwa Mwantumu. Nina duka hapa Korogwe, la kuhamisha kanda za kaseti kwenda kwenye flashi, na naishi chumba cha nyuma ya duka hilohilo. Watu wananiletea mawaidha, harusi za zamani, na zaidi ya yote barua za kanda, zile ambazo mtu alikuwa anajirekodi sauti nyumbani na kumpa msafiri ampelekee ndugu yake wa mbali. Nina sharti moja: barua za watu sisikilizi. Naweka kanda, nabonyeza, nazima spika, naangalia mawimbi ya sauti yakipanda na kushuka kwenye kioo mpaka yaishe.

Wiki hii Mzee Semboja, mstaafu wa reli, aliniletea kanda ya mke wake. Bi Nuru alifariki mwezi uliopita. Mzee alinieleza habari yenyewe akiwa amesimama kaunta, kiti hakukitaka. Alikuwa naye hospitali siku tisa. Siku ya kumi akatoka kwenda kumnunulia supu, aliporudi akakuta kitanda kimeshatandikwa upya. "Hatukuagana," alisema. Kisha akasema kwamba kwenye kanda ile, aliyotumiwa Tabora mwaka 1991, mwishoni kabisa mkewe anamuaga. Maneno ameyasahau ila sauti anaikumbuka, na alitaka aisikie kabla ya arobaini. Arobaini ni leo.

Niliihamisha Jumanne jioni, salama. Wakati wa kuitoa, mashine ikaitafuna kanda ikakatika vipande vitatu. Sikuogopa, kwa sababu sauti ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta. Jumatano asubuhi nikaiwasha, faili halipo. Nilitafuta kila mahali, halikuwepo.

Siku hiyohiyo, kwa hasira, niliiondoa Komeo. Komeo ni antivairasi iliyokaa kwenye kompyuta yangu miaka minne. Muda wake wa matumizi ulikuwa umekwisha, na kila dakika tano ilikuwa inaruka kwenye kioo kunikumbusha. Nilifuata hatua zote za kuiondoa, huku natafuna muhogo. Hatua ya mwisho ikaniuliza: "Ungependa tubakize mipangilio yako, endapo tutarudi?" Sasa mimi nimelelewa. Mgeni yuko mlangoni, mzigo uko kichwani, anakuuliza kama siku nyingine apite. Utamjibu nini? Nilibonyeza Ndiyo.

Tangu hapo antivairasi mpya inakataa kuingia, inasema kuna mwenzake ndani. Kila kitu chenye jina la Komeo nimekifuta. Nikizima na kuwasha, kimerudi. Mwishowe nikamwita Fundi Chande, mtu mzima mwenye masharubu na mdomo mwepesi, akaahidi kuja leo saa tatu asubuhi aifute kompyuta nzima. "Hautabaki hata unywele, dada," alisema. Nikamuuliza, na kama sauti ya Bi Nuru imejificha humo? Akasema kama haionekani, haipo. Nililala nimefura, na ndiyo nikajikuta nasugua.

Doa linasema, "Mimi ni alama tu. Mwenyewe yuko ndani."

Namtafuta Futa. Futa ni kile kitufe cha kufutia, naye ametoka kwenye kibodi na kukaa ukingoni mwa beseni, miguu inaning'inia, amevaa tai.

"Mbona hukumwondoa?" namuuliza.

"Mimi nafuta ninacholetewa," anasema. "Uliniletea kofia yake, nikaifuta kofia. Kama ulitaka na kichwa, ungeleta na kichwa."

Pipa la taka linafunua kifuniko ili nijionee. Kweli, ndani kuna kofia moja ya mlinzi, ya buluu, imekunjwa vizuri.

"Napita wapi?"

"Unaingia kama mtumiaji au kama msimamizi?"

"Kuna tofauti gani?"

"Msimamizi anaulizwa mara mbili," anasema Futa, na anasimama wima. "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Haya, pita."

Nainua kibodi kama mfuniko wa kisima, nakusanya gauni, nashuka.

Chini ni mchana mweupe, saa nne hivi kwa jua. Niko mbele ya geti la chuma. Nje ya geti, juu ya begi, amekaa mwanaume mwenye magwanda mapya, mikunjo ya pasi bado imesimama. Ananipigia saluti bila kuinuka.

"Mimi ndiye mlinzi mpya," anasema. "Nimefika tangu Jumatano."

"Mbona huingii?"

"Nyumba ina mlinzi. Tukiwa wawili kwenye lindo moja, kila mmoja atamkamata mwenzake."

"Yule nilishamwondoa."

"Redio yake inasikika, mama."

Nategea sikio. Redio inasikika kweli, mtangazaji bado anasoma habari za Jumatano.

"Umekula?" namuuliza.

"Sijaanza kazi, siwezi kula."

Hapo ndipo uchungu unanipanda hasa. Mtu amekaa nje ya geti langu siku tatu na njaa, na mimi nipo. Namwambia asibanduke hapo, kazi hii naimaliza mimi, kisha nachukua gunia lililoegemea ukuta naingia.

Ndani ni ukumbi mrefu wenye milango ubavuni, kama ofisi za wilaya. Vitu vya Komeo vimetapakaa kila mahali. Sweta liko msumarini. Redio iko dirishani, filimbi inaning'inia kwenye kitasa, tochi imesimama wima sakafuni. Nyayo zake za buti zinatembea zenyewe, zinakwenda mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi.

Naanza na sweta. Naingiza gunia, kisha redio, tochi, filimbi. Nyayo nazikimbiza mpaka nazikamata pembeni ya kabati, nazo naziingiza. Nafunga gunia fundo tatu. Nageuka, na sweta liko msumarini.

"Hujazima ukawasha," inasema redio dirishani, kwa sauti ya mtangazaji. "Mabadiliko yatakamilika baada ya kuzima na kuwasha upya."

"Nizime nini?"

"Wewe."

Nalala chali sakafuni, nafumba macho, nahesabu mpaka kumi bila kupumua, nafumbua. Vitu vyote vipo mahali pake, na masweta yamekuwa mawili.

Narudia. Yanakuwa matatu.

"Niambieni ukweli," nasema, na upole umeniisha. "Kwa nini hamwondoki?"

"Tumekaribishwa," linasema sweta la kwanza.

Tochi inamulika ukutani. Kuna karatasi imebandikwa hapo, imeandikwa maneno mawili: Karibu tena. Chini yake kuna alama ya dole gumba. Ni langu, nalitambua kwa kovu la kisu.

Nashika karatasi kwa kucha na kuivuta. Inakuja. Ukuta nao unakuja pamoja nayo, na mlango, na dari, na nikishaikunja yote na kuitia kwapani naona nimesimama kwenye stesheni ya treni. Ni stesheni yetu ya hapa Korogwe, naijua kwa nguzo zake, ila kibao kimeandikwa Tabora. Hakuna abiria hata mmoja. Katikati ya jukwaa kuna sanduku la bati, na juu ya sanduku amekaa mzee mmoja mwenye koti zito, kichwa wazi, anakunywa chai.

Namjua bila kuambiwa. Kofia yake nimetoka kuiona pipani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Ahsante, nimeshakunywa. Mzee, nalihitaji sanduku hilo."

"Linatumika."

"Linatumikaje?"

"Nimelikalia," anasema Mzee Komeo.

Ndani ya sanduku mtu anakohoa.

"Humo kuna nani?"

"Niliowatilia shaka," anajibu. Anaweka kikombe gotini na kuhesabu kwa vidole. "Kuna kadi ya harusi iliyoingia bila jina la bwana harusi. Kuna orodha ya wanakwaya inayojinakili yenyewe, sasa wamefika mia nane. Na kuna sauti ya mwanamke."

Moyo wangu unapiga kwa nguvu mpaka chai inatikisika kikombeni mwake.

"Aliingia Jumanne jioni," anaendelea. "Namba mia moja na kumi na nne. Nikamuuliza jina, hakunijibu. Alikuwa anasema peke yake, dakika kumi na moja mfululizo, anamwambia mtu ambaye hayupo. Mimi ni mlinzi, mwanangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemsikiliza," nasema, na papo hapo naona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyezima spika. "Mtoe, mzee. Mumewe anamsubiri."

"Siwezi. Saa ya kutoka inajazwa na mlinzi wa zamu, na mimi niliachishwa Jumatano."

"Basi ondoka, aje mlinzi wa zamu."

"Mlinzi haondoki kabla ya kukabidhi lindo."

"Basi kabidhi."

"Nimkabidhi nani? Mpya haingii mpaka mimi nitoke."

"Nani aliyeupanga utaratibu huu?"

"Naye ameondolewa," anasema Mzee Komeo, na anameza funda la chai.

Upande wa mashariki wa stesheni unaanza kuwa mweupe. Jua liko juu, kwa hiyo si mapambazuko. Ni weupe wa karatasi isiyoandikwa, na unasogea. Unafika kwenye nguzo ya mwisho, nguzo haipo. Unafika kwenye saa ya ukutani, namba zinapukutika kuanzia moja. Katikati ya weupe huo namwona Fundi Chande, masharubu yake yana ukubwa wa mabawa ya kunguru, ameshika ufagio mrefu kama mnazi. Anafagia kwa mistari, kushoto kwenda kulia.

"Usijali, dada," ananiambia kwa furaha. "Nafika hapo sasa hivi."

"Ngoja kwanza, kuna mtu ndani ya sanduku."

"Simwoni," anasema, anafagia benchi.

Sasa nalazimika kusema. Neno lenyewe nalijua, ni fupi, mtoto anaweza kulitamka: usirudi. Napiga moyo konde, namtazama mzee usoni, nafungua mdomo.

"Karibu chai," nasema.

Kikombe cha pili kinatokea kwenye jukwaa, kinafuka moshi. Mzee anakichukua na kunishukuru. Najikaza tena.

"Karibu chai."

Kikombe cha tatu. Najaribu kwa ukali, najaribu haraka haraka, najaribu nimempa mgongo. Vikombe vinafika sita, cha sita kina na maandazi mawili.

"Hunifukuzi," anasema Mzee Komeo kwa huruma. "Unanikirimu."

Nataka kulia. Weupe umefika kwenye chumba cha tiketi. Sanduku linakohoa tena, kidogo, kama mtu anayejizuia asisumbue watu. Nami nasikia ile sauti ya Mzee Semboja pale kaunta: hatukuagana.

Ndipo naona kosa langu lilipo. Huyu mtu alikaa kwangu miaka minne akilinda kanda za watu, na siku ya kuondoka nilimbonyeza huku natafuna muhogo. Jicho sikuinua. Nilimtupia karibu tena ili nisihangaike, nikarudi kwenye kazi zangu. Kwa mama yangu mgeni alikuwa haachwi mlangoni hata angekuwa amekuja kuomba chumvi. Unavaa kandambili, unatoka naye, unamfikisha njiani, na yeye mwenyewe ndiye anayekwambia rudi.

"Mzee," nasema, "inuka nikusindikize."

Anaweka kikombe chini. Anafuta midomo kwa kiganja. Anainuka juu ya sanduku mara moja, bila swali.

"Ngoja nikusanye vyangu," anasema.

Anakusanya, nami nabaki mdomo wazi. Kila anachokishika kinabaki mkononi mwake, hakirudi. Anayavuta masweta matatu kwa pamoja, yanakuwa moja. Anazima redio, nayo inasema "ahsanteni kwa kutusikiliza." Anapiga mluzi, nyayo zake zinakuja zenyewe na kuingia kwenye buti. Halafu anatoa vitu ambavyo nisingevipata hata ningesugua mwaka mzima: ufunguo chini ya zulia la mlango wa kuwashia kompyuta, msumari nyuma ya kabati, kipande cha sabuni juu ya boriti, na daftari la wageni ndani ya ukuta. Anapapasa kila mahali kama mtu anayeaga nyumba.

Sanduku najitwika mwenyewe. Ni zito, wanakwaya wamefika elfu moja. Tunatembea kuelekea getini, Fundi Chande anafagia nyuma ya visigino vyangu, naona vumbi langu mwenyewe linakuwa jeupe. Siongezi mwendo. Msindikizaji hamkimbizi anayesindikizwa.

Getini mlinzi mpya anasimama na begi lake.

"Hajatoka," anasema. "Siingii."

"Sijakabidhi," anasema Mzee Komeo. "Sitoki."

Wote wawili wananitazama mimi. Natua sanduku kwenye kizingiti.

"Mzee, weka mguu mmoja nje," nasema. "Na wewe, baba, weka mguu mmoja ndani."

Wanatazamana. Mzee anatoa mguu wa kulia, mpya anaingiza wa kushoto. Wamesimama geti katikati yao, hakuna aliyekosea. Mzee anamkabidhi filimbi, kisha daftari. Mpya anafungua ukurasa na kusoma kwa sauti ya kazini.

"Namba mia moja na kumi na nne. Jina: halikutajwa. Anatoka: kanda. Anakwenda: haijulikani. Kuingia: Jumanne, saa kumi na mbili jioni. Kutoka: bado."

"Jina ni Nuru," nasema. "Anakwenda kwa mumewe."

Anaandika. Mzee Komeo anafungua sanduku. Sauti inatoka. Haina mwili wala haina nguo, ipo tu usawa wa sikio langu, na ina joto kidogo.

"Mpokeaji asikie, athibitishe, atie sahihi," anasoma mlinzi mpya.

"Barua za watu sisikilizi."

"Bila kusikia, hatoki."

Weupe umefika kwenye pindo la gauni langu. Naangalia pindo, naangalia daftari. "Basi mwisho tu," nasema. "Mwisho tu, na Mungu anisamehe."

Sauti inajikohoza. Nyuma yake kuna jogoo, na mtu anatwanga mbali.

"Nafasi iliyobaki kwenye kanda nayo inaisha, baba Hiza," inasema, "na mimi sijafika hata nusu. Ukirudi na treni ya alfajiri usigonge mlango, utaniamshia watoto. Gonga dirishani. Mara tatu, polepole, nitajua ni wewe. Haya. Kwaheri ya kuonana."

Halafu panalia ta, kitufe kimeachiwa, na ukimya wa kanda tupu. Natia sahihi. Sahihi inatoka vibaya, lakini mlinzi mpya anaikubali. Kwenye mstari wa kutoka anaandika: Ameruhusiwa.

Mzee Komeo anatoa mguu wa pili. Mpya anaingiza wa pili, na kadi ya harusi na wanakwaya wanatoka sandukuni na kumfuata ndani. Fundi Chande anafika getini na ufagio wake, mpya anampigia filimbi, na kwa mara ya kwanza fundi anasimama.

"Unakwenda wapi?" anaulizwa.

"Kufuta."

"Una uhakika?"

Fundi anafikiri. Namwacha hapo akifikiri.

Namsindikiza mzee kwa barabara ya vumbi jekundu. Anabeba vitu vyake vyote, na sanduku tupu lipo kichwani mwake sasa. Tunazungumza mambo ya kawaida, mvua imechelewa, mahindi yanauzwa ghali. Tukipita mashamba ya mkonge anasema, "Rudi sasa, mwanangu, inatosha."

"Bado, mzee."

Tukipita daraja anasema tena, "Rudi, umefika mbali."

"Bado kidogo."

Tunafika kwenye kona ambayo baada yake sioni kitu. Anasimama. Ananigeukia na kunipa mkono, nami naupokea kwa mikono miwili. Anasubiri. Najua anasubiri neno gani: karibu tena. Limeshanijaa mdomoni, linachoma kama tonge la moto, ulimi unalisukuma kwa mazoea ya miaka arobaini na sita.

Nalimeza.

"Kwaheri, mzee," nasema. "Umetulinda vizuri. Safari njema."

Siongezi kitu. Nasimama na ukimya wangu, na ni kazi ngumu kuliko zote za siku hiyo. Mzee ananitazama. Hajakasirika. Anapangusa paji la uso.

"Sasa nimeondoka," anasema.

Anapita kona. Nachungulia barabarani, na kweli, hata wayo mmoja hakuacha.

Nageuka kurudi. Ile sauti bado ipo sikioni mwangu, haisemi kitu. Halafu nasikia kioo kinagongwa. Mara tatu, polepole.

Nikaamka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, mto wangu uko sakafuni. Kioo cha dirisha langu kikagongwa tena, mara tatu, vilevile.

"Nani?"

"Semboja."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Samahani kwa kukuamsha, mwanangu. Wageni wa arobaini wameanza kufika, nyumba imejaa, nikashindwa kukaa."

Nilifungua dirisha. Alikuwa amesimama kwenye majani yenye umande, baraghashia mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Siku zote alikuwa anakuja duka likiwa wazi, anasimama kaunta. Mlango wangu wa nyuma uko hatua mbili kutoka dirishani, una taa na una kengele.

"Mzee," nikamuuliza, "mbona hukugonga mlango?"

Aliutazama mlango kama ndiyo kwanza anauona.

"Mazoea," alisema. "Tangu nikiwa kazini Tabora. Marehemu alinikataza mlango, nilikuwa nawaamsha watoto."

Nilijifunga kanga, nikamfungulia, nikamkalisha kwenye kiti, na safari hii alikaa. Niliwasha kompyuta. Nikaenda kwenye lile folda la Komeo nililokuwa nalifuta tangu Jumatano bila kulifungua, ndani yake kuna folda la karantini, la mafaili iliyoyatilia shaka na kuyafungia, na ndani ya karantini nikashuka kwa kidole mpaka namba 114. Lilikuwepo, la dakika kumi na moja. Nililirudisha, nikamvisha mzee hedifoni, nikabonyeza, kisha nikatoka nje na kukaa kwenye ngazi.

Nilikuwa bado kwenye ngazi saa tatu ilipogonga na Fundi Chande akatokea na mkoba wake. Mzee alikuwa anairudia mara ya kumi na kitu.

"Vipi, dada," fundi akaniuliza, "nianze kufuta?"

Nilimsogezea kigoda. Nikamwambia akae kwanza, ndani kuna watu wanaagana.